Kudhibiti au kuthibiti bei ya gesi?

Swali: Naandika makala kuhusu kesi za Marekani zinazohusu kampuni za kusafirisha gesi asilia. Niliandika: "Mahakama ya Juu ilidhibitisha mamlaka ya tume kuthibiti bei." Mhariri kazungushia maneno mawili duara, hakueleza. Kosa ni lipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Herufi zimebadilishana viti, ndugu yangu. Andika "ilithibitisha mamlaka ya tume kudhibiti bei".

Kudhibiti ni kushika hatamu, kuzuia kitu kisivuke mpaka. Ndiyo maana tuna Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Kuthibitisha ni kuonyesha au kukubali kwamba jambo ni la kweli au sahihi. Kuthibiti lipo pia, ila halibebi yambwa, yaani kitu kinachotendwa: madai huthibiti, mtu hathibiti bei. Maneno haya asili yake ni Kiarabu, na huko hutofautiana hata konsonanti ya mwisho. Sisi tumezifanya zote t, tofauti ikabaki mwanzoni tu. Tena dhabiti na thabiti zote ni "imara", basi sikushangai.

Mimi ningezungushia duara la tatu. Unazungumzia kesi ipi? Katika kesi ya kampuni ya gesi ya Hope ya 1944, tume (yaani Federal Power Commission, tume ya nishati ya serikali kuu ya Marekani) iliiamuru kampuni hiyo ishushe bei zake, mapato yapungue kwa zaidi ya dola milioni 3.6 kwa mwaka. Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, Mahakama ya Juu ikairudisha. Hapo "ilithibitisha" linakaa sawasawa.

Kesi ya Phillips ya 1954 ni kinyume. Tume yenyewe ilisema haina mamlaka juu ya Phillips, mzalishaji aliyekuwa akiziuzia gesi kampuni za bomba. Mahakama ya Rufani ikasema inayo, na Mahakama ya Juu ikakubali. Sasa utathibitishaje mamlaka ambayo mwenyewe anayakana? Kilichothibitishwa ni hukumu ya rufani. Kuhusu tume, andika "iliamua kwamba tume ina mamlaka ya kudhibiti".

Na usifupishe jina la hizo kampuni kuwa "kampuni za mabomba", msomaji atadhani ni wauza vifaa vya maji. "Kampuni za bomba la gesi" inatosha, mradi usidondoshe "za": "kampuni bomba" mtaani ni sifa.