Paipu za mafuta za gari la zamani: shaba hapana

Unajiuliza kama paipu ya shaba tupu inafaa kupitisha petroli kwenye gari la zamani? Hapana, usiiweke, hata kama inakunjika kirahisi. Mtetemo wa injini huifanya shaba iwe ngumu taratibu, kisha inapasuka, mara nyingi pale penye kiungo. Weka chuma, au mchanganyiko wa shaba na nikeli kama ule wa paipu za breki. Huo haupati kutu na bado unakunjika vizuri.

Mimi hata hivyo huhofia zaidi vile vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha paipu. Nafufua magari ya zamani, na mpira mbovu ndio ninaokutana nao kila mara: nje unaonekana mzima, ndani umeshaliwa. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli, na mpira wa zamani hauiwezi. Tafuta ulioandikwa ubavuni SAE J30 R9, yaani daraja la R9 la kiwango cha mipira ya mafuta, hata kama gari ni la kabureta. Daraja la R7 linahimili shinikizo la kabureta, ila R9 ina utando wa ndani unaostahimili ethanoli vizuri zaidi. Mpira wa R9 usiuzamishe ndani ya tangi lakini, ganda lake la nje halikutengenezwa kulowa petroli. Humo weka wa daraja la R10.

Klipu za kubana mpira ziwe za ukanda laini, zile zenye matundu hukata mpira.

Chomoa waya hasi wa betri kabla hujafungua chochote. Ukishafunga, acha injini ingurume na ukague kila kiungo kwa tochi kabla ya kuingia barabarani.