Mwandae mwanafunzi wa uuguzi kabla hajaona mgonjwa akikata roho

Wakufunzi tuna tabia moja mbaya. Tunamfundisha mwanafunzi kupima presha na kuhesabu matone ya dripu, lakini mgonjwa akianza kukata roho tunamwambia asogee, pazia livutwe. Kwa niliyoyaona wodini, kinachomtisha mwanafunzi zaidi ni kusimama pale mikono mitupu, hajui afanye nini. Mpe la kufanya.

Mimi huanza na mwili. Kabla hawajaingia wodini nawaeleza watakachokiona: mgonjwa anaacha kula, analala kutwa, mkojo unapungua, miguu inapoa na ngozi inafanya mabaka. Pumzi inakwenda mbio, inakatika kwa sekunde kadhaa, kisha inarudi. Asiyeambiwa mapema habari ya mkatiko huo hudhani kuna kosa limefanyika na huanza kukimbizana na vifaa.

Mkoromo nao usemwe wazi. Ni mate na makohozi ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyatoa, na kwa kawaida huwatesa wanaousikiliza kuliko yeye mwenyewe, kwani mara nyingi fahamu zimeshapotea. Alazwe ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo. Kuingiza mpira wa kunyonyea hadi kooni kila mara kunaumiza, na majimaji hujaa tena. Ndugu aliyeketi kando aelezwe hayo kwa upole, maana sauti ile ataondoka nayo.

Kinywa tunakifanyia mazoezi darasani. Mmoja analala, haruhusiwi kusema. Mwenzake anamlowanisha midomo kwa pamba, anamgeuza, anamweleza kila anachofanya. Aliyelala akiinuka ana mengi: maji yalimwingia kooni, mkono ulikuwa na haraka, hakuna aliyemwita kwa jina. Somo la saa nzima haliwafikishi hapo.

Halafu kuna hofu ya morfini, dawa kali ya maumivu, hofu ambayo hata wauguzi wakongwe wanayo. Dozi inayopandishwa taratibu kwa kufuata maumivu haimharakishii mgonjwa kifo. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba dawa za maumivu ya saratani zitolewe kwa saa zake, si kungoja mtu alie. Dawa ya kulainisha choo iende sambamba na morfini; hii husahaulika ajabu.

Lakini si kila maumivu yatasikia dawa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi, kisha akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Alifundisha kwamba maumivu yana sehemu ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya kiroho. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika usiku ingawa dozi imetolewa, mwanafunzi aketi amuulize. Pengine ni watoto anaowaacha, pengine ni ndugu waliogombana naye.

Na likija lile swali, “Mwanangu, ndiyo nakufa?” asijibu “Utapona tu, mama.” Wala si kazi ya mwanafunzi kutoa hukumu. Namfundisha arudishe kwa upole: “Mama, kwani mwenyewe unajionaje leo?” kisha anyamaze, asikilize, na baadaye amweleze muuguzi wa zamu neno kwa neno.

Mgonjwa akishafariki, mwanafunzi akauandae mwili pamoja na muuguzi mzoefu, si peke yake. Zamu isiishe hamjaketi naye. Ukimuuliza anajisikiaje atasema yuko sawa. Muulize ni kipi hakukitarajia, hapo ataongea. Akilia, alie. Lile neno “utazoea” mimi silipendi kabisa.

La mwisho lifanyike kabla ya yote: waulize faragha ni nani amefiwa karibuni. Huyo mpangie wodi nyingine kwanza, bila kumtangaza mbele ya wenzake.