Basuni inakwaruza: anza na ulimi

Salaam mwalimu. Umesema basuni, ile ala ndefu ya mbao ya kupuliza yenye sauti nzito, ya kikundi chenu hapo Malindi inakwaruza, noti za chini hazitoki, na yule mtoto kiziwi hamjui mumpe kazi gani.

Kabla hujamtafuta fundi, angalia ule ulimi wa matete unaopulizwa mdomoni. Uloweke majini dakika chache, si kutwa. Wangu niliusahau dirishani hapa Lamu, kaskazi ikaukausha, ukapasuka katikati.

Kisha lile bomba jembamba la metali lililopinda, linaloshika ulimi: lina tundu dogo kama la sindano, na kifuniko chake kisipokaa sawasawa, noti za chini hukwama. Pedi, yaani vile vitakia vinavyoziba matundu, zikivuja, hapo mwachie fundi.

Yule mtoto kiziwi mpe ashike kipande cha chini cha basuni kwa viganja inapopigwa. Wetu alifuata mtetemo huo, akaanza kupiga kigoma.