Kabla Damu Haijafika Kwenye Mashine: Maswali Yenu

Niliwaomba mniandikie kuhusu utoaji wa damu kwa ajili ya vipimo, na mmeniandikia wengi: wanafunzi, wauguzi walio kazini, na wagonjwa ambao mkono wao ndio unaochomwa. Maswali nimeyafupisha, maana nimeiacha ilivyo.

"Dada, shikamoo. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, Dodoma. Nikipewa mgonjwa mnene au mzee, mshipa siuoni kabisa. Wenzangu wanauona. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Acha kuutafuta kwa macho. Mwalimu wangu wa kwanza alinifunga kitambaa usoni, akaniwekea mkono wake mezani, akaniambia: tafuta. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mshipa hutafutwa kwa kidole.

Funga mpira wa kubana mkono, upana wa vidole vinne au vitano juu ya pale utakapochoma. Weka ncha ya kidole cha shahada upande wa ndani wa kiwiko, bonyeza kidogo, achia. Mshipa unanesa, ukiubonyeza unarudi. Kano ni ngumu kama kamba iliyokazwa, hainesi. Ukihisi kitu kinadunda, hiyo ni ateri, ondoka hapo.

Anza na mshipa wa katikati unaokatiza kiwiko kwa ndani, kwa sababu ni mkubwa na hauhamihami. Kwa mtu mnene, ule wa upande wa kidole gumba mara nyingi unapatikana kwa kuguswa hata kama hauonekani. Ule wa upande wa kidole cha mwisho uwe wa mwisho kabisa kuufikiria, maana ateri na neva kubwa ziko jirani nao. Mgonjwa akikwambia amesikia kama shoti ya umeme imeteremka hadi vidoleni, toa sindano hapo hapo, usimbishie.

Ukikosa, ning'iniza mkono wake chini kidogo, au mwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache. Wazee wengi wanakuja hawajanywa maji tangu usiku. Kama hajakatazwa, mpe maji akae kwanza. Usimwambie akunje na kukunjua ngumi mfululizo. Najua tumezoea, lakini misuli ikifanya kazi hivyo inamwaga potasiamu kwenye damu na majibu yanapanda bure. Mpira nao usikae zaidi ya dakika moja. Ikipita, fungua, mwache apumzike, uanze upya.

Spiriti ukishapaka, subiri ikauke, kama nusu dakika hivi. Ikiwa mbichi inamuunguza mgonjwa na inaharibu chembe za damu. Na ukishapaka usirudi kupagusa pale kwa kidole. Sindano iingie kwa mlalo, isizidi nyuzi 30, tundu likiangalia juu. Mkono wenye dripu uache, nenda mkono wa pili.

Ukichoma mara mbili ukakosa, mwite mwenzako. Mgonjwa huyo huyo kesho utamhitaji akuamini.

"Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, Kigoma. Mgonjwa wangu alikuja na uchovu kidogo tu. Majibu yakarudi potasiamu 9, kalsiamu chini mno. Mgonjwa anatembea, anakula, anaongea. Nimwamini mgonjwa au mashine?"

Mwangalie mgonjwa kwanza, kama kuna kipimo cha umeme wa moyo mpime, na utoe sampuli mpya dakika hiyo hiyo. Potasiamu ya kawaida ni kama 3.5 hadi 5. Mtu mwenye 9 ya kweli yuko hatarini, kwa hiyo usidharau. Lakini potasiamu kupanda na kalsiamu kuporomoka kwa pamoja, kwa mtu anayetembea, ni picha ninayoifahamu, na nitakueleza nilivyoifahamu.

Kichupa chenye kifuniko cha zambarau, tunachotumia kwa picha kamili ya damu, kina dawa iitwayo EDTA. Kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Na EDTA hiyo imetengenezwa kwa chumvi ya potasiamu. Damu ya kichupa hicho ikiingia kwenye kichupa chekundu, kile cha kupimia potasiamu na kalsiamu, hata kidogo tu, unapata potasiamu ya uongo juu na kalsiamu ya uongo chini.

Nilipokuwa mafunzoni nilimtoa damu mama mmoja wodini. Kichupa cha zambarau kikajaa, chekundu kikapungua. Nilimwonea huruma kumchoma tena, nikafungua vifuniko, nikamimina kidogo kutoka cha zambarau kwenda chekundu. Majibu yalipofika wodini daktari akaagiza dawa za kushusha potasiamu. Zilikuwa tayari zimeshavutwa kwenye bomba pale mtaalamu mmoja mzee wa maabara alipoiona ile kalsiamu, akatoka mbio hadi wodini kuzuia. Kumpa mtu mwenye potasiamu ya kawaida dawa za kuishusha kungeweza kumuua. Alipomaliza hakunifokea. Alinipeleka tu kitandani kwa yule mama, nikamweleza mwenyewe kwa nini tunamchoma tena. Sijawahi kumimina damu tangu siku ile.

Ndiyo maana vichupa vina mpangilio. Kama kuna chupa za kuotesha vimelea, hizo ndizo za kwanza kabisa, kwa sababu zinataka usafi kuliko zote. Kisha bluu ya kupima kuganda kwa damu. Kisha nyekundu au njano, ambazo damu yake huachwa igande. Kisha kijani, kisha zambarau, na kijivu cha sukari mwisho. Mpangilio huo unazuia dawa ya kichupa kimoja isifuate sindano hadi kingine.

Cha bluu kina sharti lake: kijae hadi kwenye mstari. Ndani mna sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za damu. Ukikijaza nusu, dawa inazidi, na damu itaonekana haigandi wakati inaganda vizuri.

Umeandika pia kwamba kituoni kwenu mnatumia bomba la sindano la kawaida. Si kosa, ila kuna namna. Usivute pistoni kwa nguvu, na usiisukume damu kwa dole gumba ipite kwenye kifuniko. Kichupa chenyewe kitaivuta. Kichupa kisimame kwenye kishikio, usikikamate kwa mkono mwingine huku unalenga sindano. Kikishajaa, kigeuze chini juu taratibu, cha zambarau mara nane hadi kumi. Ukikitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga potasiamu yake. Yale maji ya juu yakiwa mekundu au ya waridi badala ya manjano, ujue zimepasuka.

Halafu sukari. Damu ikikaa ndani ya kichupa cha kawaida, chembe zinaendelea kula sukari, na kwa saa moja hupungua kama asilimia 5 hadi 7. Kama sampuli zenu zinasubiri bodaboda hadi mchana, mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana mzima. Tumieni cha kijivu, au pimeni papo hapo.

"Mnatoa chupa tatu, nne. Damu yote hiyo inakwenda wapi? Huku kwetu Temeke watu wanasema inauzwa."

Swali lako nalipokea kwa heshima. Sisi tuliokulia pwani tulisikia habari za mumiani tungali watoto, na hofu ya namna hiyo haiondoki kwa kumcheka mtu. Inaondoka kwa kuelezwa.

Kichupa kimoja ni mililita 3 hadi 5. Vitatu ni kama kijiko kikubwa kimoja cha chakula. Mtu mzima wa kilo 60 ana zaidi ya lita 4 za damu. Anayejitolea damu hutoa kama mililita 450, akala, akapumzika, akarudi kazini kwake.

Vichupa ni vingi kwa sababu kila kundi la vipimo lina dawa yake, kama nilivyomweleza tabibu wa Kigoma. Na damu ya kichupa haiwezi kuongezwa kwa mtu yeyote, maana imechanganyika na kemikali na imeshafunguliwa. Baada ya vipimo huhifadhiwa kwa muda, kisha huharibiwa pamoja na taka hatarishi. Siku nyingine muulize anayekutoa: kichupa hiki cha nini? Ana wajibu wa kukujibu.

"Nimeambiwa nifunge kwa ajili ya kipimo cha sukari. Je, maji pia ni marufuku?"

Hapana, kunywa maji, tena ya kutosha. Mshipa utapatikana kirahisi. Kinachokatazwa kwa saa 8 ni chakula, chai hata isiyo na sukari, kahawa, soda na sigara. Dawa zako za kila siku muulize daktari kabla hujaziacha.

"Kila nikitolewa damu mkono unavilia, unakuwa wa zambarau wiki nzima. Nina tatizo?"

Mara nyingi tatizo liko kwenye dakika mbili za mwisho. Mpira ulipaswa kufunguliwa kabla sindano haijatoka. Kisha pamba kavu ikandamizwe, mkono ukiwa umenyooka. Tunavyoona watu wengi wanakunja kiwiko na kubana pamba, wamefundishwa vibaya. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unakataza, kwa sababu mkunjo huo unaisaidia damu kuvuja chini ya ngozi. Kandamiza wewe mwenyewe, usichungulie kila mara. Ila kama unavilia hata bila kuchomwa, fizi zinatoka damu, au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mweleze daktari, na umwambie pia anayekutoa ili akandamize muda mrefu zaidi.

"Ni muuguzi, Mwanza. Jana usiku nilijichoma nikiirudishia sindano kifuniko chake. Nilipaka spiriti nikaendelea na zamu. Sijamwambia mtu, naogopa lawama."

Huyu nilimpigia simu siku ileile niliyopata ujumbe wake, na alikwenda. Naliweka hapa kwa ajili ya wengine mnaonyamaza, kwa sababu najua mpo.

Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidonda, usimwagie spiriti wala jiki. Toa taarifa kwa msimamizi wa zamu muda huo huo, hata kama ni saa nane usiku. Dawa za kujikinga na VVU zinapaswa kuanza mapema kadiri inavyowezekana, na zisivuke saa 72, kisha unazimeza siku 28. Utapimwa wewe, na mgonjwa akiridhia atapimwa naye.

Nikupe hesabu ili hofu isikuzidi: kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, hatari ni kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaochomwa. Ya kuogopwa zaidi ni homa ya ini aina ya B. Kwa asiyechanjwa, hatari inaweza kufika hadi 30 kwa kila 100. Chanjo ipo, dozi tatu. Kama unashika sindano za wagonjwa na hujachanjwa, nenda wiki hii.

Kifuniko cha sindano hakirudishwi. Sindano ikitoka mkononi mwa mgonjwa inaingia moja kwa moja kwenye sefti boksi, yaani boksi la kutupia sindano, na boksi hilo liwe karibu nawe, si kona ya pili ya chumba. Likifika robo tatu lifungwe. Asilisukumize mtu kwa mkono ili liingie zaidi. Glovu vaa, mpya kwa kila mgonjwa, lakini glovu haizuii ncha ya sindano.

Kwenu wasimamizi: muuguzi anayekuja kusema "nimechomwa" asikute makaripio. Akiyakuta, wa pili hatakuja, na saa 72 zitapita akiwa kimya.

"Mwanangu wa miezi minne walimtoboa kisigino badala ya kidole. Ni sawa?"

Ni sawa mama. Kidole cha mtoto chini ya miezi sita ni chembamba mno, mfupa uko karibu. Kisigino hutobolewa pembeni, si katikati wala nyuma. Akikua, ni kidole cha kati au cha pete, ubavuni mwa ncha. Tone la kwanza hufutwa kwa sababu limechanganyika na majimaji ya ngozi, na kidole hakikamuliwi kama chuchu ya ng'ombe. Mnyonyeshe wakati anatobolewa, inamtuliza sana.

"Nina miaka 71, nahudhuria kliniki ya presha kila mwezi. Wale vijana wa maabara wananijua, wananiamkia kwa jina, halafu wananiuliza jina langu nani. Ni dharau hii?"

Shikamoo mzee wangu. Si dharau, na ningeomba uwaunge mkono. Nimewahi kuwa na wagonjwa wawili asubuhi moja, benchi moja, wanaofanana jina lao na la baba. Mmoja alikuwa anasubiri kuongezewa damu. Angeitikia mwenzake, tungeandika kundi la damu lisilo lake.

Kwa hiyo tunataka ulitaje jina lako wewe mwenyewe, na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Tukikuuliza "wewe ni fulani?", mtu asiyesikia vizuri ataitikia tu. Halafu angalia kinachofuata: jina linaandikwa kwenye kichupa mbele yako, damu ikiwa imeshaingia, nawe hujainuka kitini. Ukiona kijana anaondoka na kichupa chako hakina jina, mwite arudi aandike.