Filimbi Ikilia, Uache Mpira Mchangani

Niliwahi kuiponza timu yangu ya mpira wa mikono wa ufukweni kwa kuung'ang'ania mpira sekunde mbili tatu tu. Ilikuwa Coco Beach, Dar es Salaam, Jumapili jioni. Nilimvuta mshambuliaji mkono, nikampokonya mpira, refa akapuliza filimbi. Badala ya kuuacha palepale, nikaubingirisha nyuma yangu kuelekea majini huku nauliza, "Kwani mimi nimefanya nini?" Nikatolewa nje.

Sisi tuliojifunzia mpira wa mikono shuleni tunajua kutolewa ni dakika 2: unakaa benchi unahesabu saa. Mchangani saa haihusiki. Unatoka, wenzako wanabaki watatu, kipa akiwamo, mpaka timu yenye mpira iupoteze kwa timu nyingine. Nikaona adhabu nyepesi. Kumbe bao la kawaida ni pointi 1, lakini la mtu aliyeruka akazunguka mduara kamili hewani, au aliyeudaka mpira akiwa juu akafunga kabla hajatua, ni pointi 2. Mkiwa pungufu, nafasi ya kuzunguka inapatikana bure. Yule jamaa alizunguka kama pia, na seti tukaipoteza kwa pointi hizo hizo 2.

Seti ya pili nikarudia ujinga, safari hii kwa kumsukuma mtu. Nikatoka nikipiga hesabu za shuleni, kwamba kadi nyekundu ni ukitolewa mara ya tatu, kwa hiyo bado nina moja. Refa akachomoa kadi nyekundu. Nikalalamika kwamba hii ni ya pili tu! Akanijibu kwa upole, "Hapa mchangani, kaka. Mbili zinatosha." Alikuwa sahihi. Kwa hiyo wewe unayetoka uwanja wa lami, jifunze hesabu hiyo kabla hujavua viatu.

Ila kadi si kitu ukilinganisha na mtu aliye hewani. Anayezunguka hakuoni na hana breki. Ukimgusa kiuno kidogo tu, anatua kwa bega. Na usidanganyike na mchanga: maji yakitoka, ule wa chini unakuwa mgumu kama sakafu. Tulikuwa na mwenzetu aliyeteguka bega hivyo, akakaa miezi bila kurusha mpira, na aliyemgusa hakuwa na nia mbaya, alichelewa tu. Tangu hapo nawaambia wadogo zangu: ukiona umechelewa, nyoosha mikono juu, simama, mwache afunge. Mkifungwa mtarudisha. Kitabu cha sheria chenyewe kinasema mchezo huu umejengwa juu ya uungwana, na kila uamuzi wa refa ufuate msingi huo.

Tatizo ni kwamba mechi zetu nyingi hazina refa. Hapo ndipo ugomvi mkubwa unapozaliwa: ulikuwa mduara kamili au robo tatu? Nimeona watu wazima wakinuniana mpaka kituo cha daladala kwa pointi moja. Tulichokubaliana sisi ni kumuuliza kwanza aliyefunga, na jibu lake halipingwi. Wiki za mwanzo tulidanganyana sana. Baadaye aliyezoea kudanganya akawa hapewi pasi, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Kuhusu mavazi, dada zetu huuliza kama lazima wavae bikini. Hapana. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norwei ilipigwa faini ya euro 1,500 kwenye mashindano ya Ulaya kwa kuvaa kaptura, na kelele zilizofuata zikafanya sheria ya kimataifa ibadilishwe mwaka huohuo, kaptura fupi za kubana zikaruhusiwa. Mechi zetu za Jumapili anayetaka suruali na mtandio avae, hatuna faini ya mtu.

Viatu ndivyo haviruhusiwi, soksi sawa. Kwa Coco Beach hilo lina maana yake, maana njiti za mishikaki zimejificha mchangani kama misumari. Anayechelewa kufika ndiye anayezunguka na mfuko kuziokota.

Siku hizi nachelewa mara nyingi, foleni ya Mwenge mnaijua. Na filimbi ikilia nauweka mpira chini kwa mikono miwili, polepole, kama natua trei ya mayai. Vijana wananicheka.