Oili kwenye maji ya Subaru: kagua kipoza oili kabla ya kushusha injini

Ukiwa na Impreza WRX ya zamani, ukafungua tangi la kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) ukakuta oili inaelea, jibu utakalopewa karibu kila gereji ni moja: hedi gasketi, ile gasketi iliyo kati ya bloku na hedi ya injini, imekufa. Nami niliambiwa hivyo hapa Mtwara. Fundi alichovya kidole, akakiangalia, akasema, "Kaka, hapa injini inashuka." Kushusha injini ya Subaru na kuifungua ni kazi ya fedha nyingi, tena inahitaji mikono safi na vipimo ambavyo si kila gereji inavyo. Kama bado hujakubali, nakuomba usubiri kidogo. Kagua kipoza oili kwanza.

Kwenye EJ20, injini ya WRX hiyo yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), kipoza oili ni kidude cha duara kilichobanwa chini ya injini, kati ya bloku na filta ya oili. Ndani yake oili inapita upande mmoja na maji ya rejeta upande wa pili, na kinachozitenga ni kuta nyembamba tu. Kinashikwa na boliti nene yenye tundu katikati, na filta inafungwa kwenye ncha ya boliti hiyo hiyo. Mipira miwili ya maji inaingia ubavuni.

Kinavuja kwa namna mbili. Kuna kuvuja kwa nje, pale oringi (mpira wa duara wa kuzibia) iliyo kati yake na bloku inapokauka baada ya miaka mingi ya joto. Oili inadondokea kwenye ekzosi inayopita jirani, na ukisimama unasikia harufu ya kuungua. Hapa usikimbilie kulaumu kipoza: swichi ya presha ya oili iko juu, karibu na oltaneta, na ikivuja oili inateremka na bloku hadi kwenye filta. Osha injini vizuri, ikaushe, washa, kisha fuatilia kwa tochi unyevu unaanzia wapi.

Kuvuja kwa ndani ndiko kunakopoteza watu. Injini ikiunguruma, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, hivyo oili inahamia kwenye maji. Ukizima injini ya moto, presha ya oili inaisha lakini ya maji bado ipo, na maji yanaweza kuingia kwenye oili. Sasa, hedi gasketi ikiachia, mara nyingi inasukuma gesi ya silinda kwenye maji: mapovu hayakatiki, mpira wa rejeta unakuwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha injini ya baridi, na joto linapanda. Kipoza kikitoboka, geji ya joto inaweza kutulia kabisa na gari ikavuta kama kawaida. Yangu ilikuwa imetoka kupanda Newala, mlima wote ule wa uwanda wa Makonde, na mshale haukucheza. Ndiyo maana nilikataa injini kushushwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Toa kipoza, ziba njia moja ya maji, ingiza upepo mdogo kwenye njia ya pili huku umekizamisha kwenye ndoo. Mapovu yakitokea upande wa oili, umepata jibu.

Kwa nini kinatoboka? Kwa sisi wa pwani, jambo la kwanza ninalolitilia shaka ni maji. Rejeta ikipungua, mtu anachota kisimani na kujaza, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Chumvi inakula chuma na aluminiamu, na kila unapoongeza maji matupu unapunguza nguvu ya dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye kulanti. Ukuta mwembamba ndio unaotangulia kuisha. Tumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, inayofaa injini ya aluminiamu, na uweke galoni moja kwenye buti, hasa ukisafiri kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500.

Kuhusu kipya au cha mtumba, msimamo wangu ni mkali. Ilala, Dar es Salaam, utapata vya mtumba kwa bei nzuri, na basi litakuletea mzigo. Lakini vipoza vingi vya mtumba vimetoka kwenye injini zilizokufa, na injini iliyogonga beringi, vile vibati vinavyobeba krenki, inaacha vumbi la chuma ndani ya kipoza, mahali ambapo brashi haifiki. Ukikifunga, vumbi hilo linakwenda kwenye beringi zako. Nunua kipya, mpe muuzaji namba ya chesisi, na uagize oringi na mipira miwili papo hapo.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa imepoa. Mchanga wetu huku unameza stendi za kushikilia gari, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake, na usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake. Mwaga oili na kulanti, toa filta, toa mipira, fungua boliti ya katikati. Hakikisha oringi ya zamani haikubaki imenata kwenye bloku, kwa sababu mbili zikipandana oili itamwagika yote. Paka oringi mpya oili safi. Silikoni usiiguse: vipande vyake vinaweza kukatika na kuziba njia nyembamba inayolisha turbo. Boliti ikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu cha injini yako.

Baada ya hapo usafishe njia za maji kwa sabuni na maji ya moto, urudie hadi utando wa oili uishe, maana oili inavimbisha na kulainisha mipira. Jaza kulanti polepole, fungua hita hadi mwisho wa joto, acha injini iungurume mpaka feni iwake, ili upepo ulionaswa kwenye njia za maji utoke. Kama maji yaliingia kwenye oili, weka oili na filta mpya, endesha kwa upole mwendo mfupi, mfano kwenda Mikindani na kurudi, kisha umwage tena na uweke nyingine. Turbo haivumilii oili yenye maji.

Oili chafu ambayo haikuchanganyika na maji mpe fundi seremala apake nguzo, mchwa wanaikimbia. Kulanti uliyomwaga ni tamu na ni sumu. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko papo hapo, kabla mbuzi, mbwa au mtoto hajaifikia.