Kimeng'enya kinachoweka alama kwenye RNA

Swali: Nimesoma kwamba RNA hubadilishwa kikemia baada ya kunakiliwa kutoka kwenye DNA. Kazi hiyo hufanywa na nini?

Jibu: Hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, na mfano unaonivutia zaidi ni jozi ya METTL3 na METTL14, ambayo umbo lake lilibainishwa mwaka 2016. Protini hizi mbili zinafanana sana, lakini ni METTL3 pekee inayochukua kundi la methili (kaboni moja na hidrojeni tatu) kutoka kwenye S-adenosilimethionini, molekuli inayotoa methili ndani ya seli, na kulibandika kwenye nitrojeni iliyo katika nafasi ya 6 ya adenosini, mojawapo ya vipande vinne vinavyounda RNA, ilhali mwenzake husaidia kuishikilia RNA mahali pake. Alama hiyo, yenye atomi nne tu, huweza kuamua RNA ya ujumbe, inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, itadumu kwa muda gani kabla ya kuvunjwa.